Mgeni Hatozwi

Sahani ndiyo iliyomkera Zuwena kuliko yote. Kila baada ya chakula Marita aliinuka, akachukua sahani yake, kijiko chake na kikombe chake, akaviosha kwa sabuni, akavifuta, akavirudisha kabatini, kisha akaenda zake chumbani na kufunga mlango. Sufuria ya ugali ilibaki pale pale na ukoko wake. Sahani ya mumewe Rashidi, ya Mzee Adinani na ya Zuwena mwenyewe zilibaki zimeganda mlenda, zikimsubiri mwenye nyumba. Angeacha kabisa kuosha ingekuwa heri, watu wangesema ni mgeni, hajui. Lakini kuosha sahani moja tu katika nyumba ya watu wanne, huko kulikuwa ni kusema jambo, na Zuwena hakujua ni jambo gani.

Wala hakuweza kuuliza. Hapo ndipo ulipokuwa mwiba wenyewe.

Jina halisi la Marita lilikuwa Marit, binti wa Kinorwe, mrefu kama mlingoti, aliyekuja Tabora kwa mpango wa mabadilishano ya vijana. Kijana wa huku anakwenda kukaa na familia kule, wa kule anakuja kukaa na familia huku, kila mmoja ajifunze maisha ya mwenzake na arudi kwao akili imepanuka. Ndivyo alivyoeleza Erasmus, mratibu wa mpango, kijana wa upande wa Kipalapala mwenye maneno laini na viatu visivyoshika vumbi. Binti wa Zuwena, Najiat, ndiye aliyekwenda. Yeye alilala kitanda cha Marita huko Norwe, na Marita akalala kitanda cha Najiat hapa Isevya. "Mmoja akikatisha, mwenzake naye anarudi," Erasmus alisema siku ile ya kwanza. "Ndiyo maana ya kubadilishana, mama."

Zuwena aliielewa maana hiyo kwa namna yake. Alielewa kwamba mwanawe yuko mikononi mwa mwanamke asiyemjua, na mtoto wa mwanamke huyo yuko mikononi mwake, na lolote atakalomtendea huyu litatendwa kwa yule. Basi akamlea Marita kama yai la kuazima. Wengine walikula mkekani uani, Marita aliandaliwa sebuleni kwenye kochi, na meza yenye kitambaa cha kufuma. Firigisi ya kuku, ambayo tangu waoane ilikuwa ya Rashidi, sasa ilimpita Rashidi mbele ya macho yake ikaenda sebuleni. Marita akigusa ufagio, Zuwena anamnyang'anya. Akisogelea jiko, anarudishwa kochini. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, methali hiyo Zuwena aliijua kama unavyoijua wewe, lakini aliyeitunga hakuwa na binti Norwe.

Na huyo yai alikuwa na visa. Asubuhi alitoka chumbani akawapita watu wazima kimya kama anapita nguzo za umeme, mpaka bafuni, na salamu zikaja baadaye, baada ya kupiga mswaki. Akiulizwa kama mlenda ni mtamu, anasema, "Hapana. Unateleza." Mchana, jua likiwa limesimama utosini, alivaa kofia yake akatoka. "Unakwenda wapi, Marita?" "Natembea." "Unatembea kwenda wapi?" "Natembea tu." Akarudi jioni mwekundu kwa vumbi la njia ya Kwihara, na huku nyuma watu wameshapita sokoni kumuuliza Zuwena kama mzungu wake amepotea.

Yote hayo Zuwena aliyameza. Aliyameza mpaka kifua kikamuuma, akaenda hospitali akapewa dawa ya vidonda vya tumbo.

Kilichomtia wazimu zaidi ni simu za Najiat. Alipiga kila Jumapili, na Jumapili moja alipiga akicheka. "Mama Marit kanifokea leo. Nimeacha lango la zizi wazi, ng'ombe wote wakatoka barabarani. Kafoka huyo, mpaka mbwa kajificha."

Zuwena alihamishia simu sikio la pili. "Kakufokea? Wewe mgeni?"

"Mimi si mgeni, mama. Nina zamu ya kukamua."

Huyu ndiye Najiat aliyeondoka Tabora akiongea na upindo wa mtandio mdomoni, ambaye mwalimu akimuuliza swali alikuwa anajibu kwa kutazama vidole vya miguu. Sasa sauti yake ilitikisa simu. Aliendesha trekta. Alisoma kwenye chuo cha kijijini kwao Marita jinsi ya kusindika maziwa na kutengeneza jibini, na mwezi wa tano angemaliza. Alishapanga kila kitu: atarudi, atakwenda kwa ndugu zao wa Puge wanakofuga, ataanzisha kiwanda kidogo, maana maziwa ya masika kule yanachacha hakuna wa kuyanunua. Zuwena, aliyeuza asali ya Ipole sokoni tangu usichana wake kwa kuipima kopo kwa kopo, hakutaka kitu kingine duniani. Alitaka binti yake amalize. Kwa ajili hiyo angeweza kuosha sahani za nchi nzima.

Nyumbani mwake mtu pekee aliyekataa habari ya yai alikuwa baba mkwe wake, Mzee Adinani. Mzee alishinda uani juu ya kitanda cha kamba, mguu mmoja umekufa ganzi, ulimi mzima. Babu yake alibeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe mpaka pwani, na kila mwaka pembe hizo zilizidi uzito katika hadithi. Hakujua kulea mgeni na hakutaka kujifunza. "Marita, kobazi zangu. Marita, mgongo unawasha. Marita, chai hii ya nani, ya mgonjwa?" Alimwita mke wangu mdogo, akamlalamikia kwamba ndoa yao haina nyama. Na Marita, ambaye sebuleni alikaa kama amemeza fimbo, kule uani alicheka mpaka akajifuta machozi. Kila asubuhi, kabla hata ya mswaki, alikuwa amempelekea mzee kobazi zake. Zuwena aliona, akaona wivu kidogo, akaenda kuosha sahani.

Halafu alikuwapo Leonia.

Leonia alikuwa Mgogo, mjane wa mfanyakazi wa reli aliyehamishiwa Tabora zamani akafia hapa. Aliuza mboga za kukausha sokoni, meza yake ikipakana na ya Zuwena. Kila siku alipita nyumbani bila hodi, akasimama mbele ya kitanda cha kamba mikono kiunoni. "Mzee, bado hujafa tu? Mchele wa matanga nishachambua, unaingia wadudu."

"Nitakufaje," Mzee Adinani alijibu, "na Mgogo bado anaombaomba mjini? Nani atakulisha?"

Leonia akachukua kikombe cha mzee akamalizia chai. Akachovya kidole kwenye ndoo ya Zuwena, akalamba, akasema asali hii imechanganywa na maji ya bwawa la Igombe. Akaondoka bila kuaga, na Mzee Adinani akabaki anacheka mpaka kikohozi kinamshika. Watu wa Tabora wanajua hayo ni mambo gani. Misafara ya Wanyamwezi ilipita Ugogo kwenye kiu, pakawa na kugombania visima, pakawa na kupigana, kisha wakachoka wakapatana, na matusi yakabaki kuwa ndiyo undugu wenyewe. Mtani anakutukana, anachukua chako, na siku ya msiba ndiye wa kwanza kuitwa. Hakuna mtoto wa huku anayekalishwa chini kufundishwa utani, kama asivyofundishwa kupiga chafya. Erasmus katika semina yake alifundisha shikamoo, alifundisha mkono wa kulia, alifundisha na urefu wa sketi. Utani hakuugusa, hata haukumpitia kichwani.

Marita aliuliza. Haki yake apewe, aliuliza. Alimfuata Zuwena uani siku moja akasema kwa Kiswahili chake cha kunyoosha, "Kwa nini mama yule anamwambia Babu afe? Kwa nini anachukua asali yako na wewe unanyamaza?"

Zuwena alikuwa anachuja asali, nyuki wamemzonga, kichwa kinamgonga. "Mwache tu," alisema. "Ndivyo alivyo."

Basi. Maelezo ndiyo hayo.

Mvua za kwanza zilipoanza, Erasmus alikuja na uso wa mtu aliyebeba sinia linalovuja. "Shikamoo, mama. Marita anataka kurudi kwao. Anasafiri Jumamosi."

"Kwa kosa gani?"

"Anasema hajifunzi kitu. Anasema kila siku ni mgeni." Erasmus alitazama viatu vyake. "Anasema pia, mama usikasirike, anasema humpendi."

"Simpendi?" Zuwena aliinuka. "Simpendi mimi? Nenda bandani ukaangalie kama kuna kuku amebaki. Na Najiat?"

"Kwao nitapiga simu Ijumaa. Utaratibu ndio huo, mama. Najiat atarudi."

Zuwena alimfuata Marita chumbani. Begi lake kubwa la bluu, la kubeba mgongoni, lenye mikanda kama ya punda wa mizigo, lilikuwa limeshafungwa. "Nimekukosea nini, mwanangu?" aliuliza, na mwanangu hilo lilikuwa la mdomoni tu, la kumwambia yeyote.

"Hujakosea, Mama Najiat. Wewe ni mwema sana." Marita alikuwa na macho mekundu. "Lakini siwezi kukaa kochini mpaka mwezi wa tano."

Zuwena alilala akiliwaza neno hilo, na asubuhi akaenda kuazima mto kwa jirani auweke kwenye kochi. Hayo ndiyo aliyoelewa. Usimcheke, hata wewe ungekuwa na binti kwa watu usingesikia vizuri.

Alhamisi alfajiri, baada ya swala, Marita alipeleka kobazi uani na Mzee Adinani hakushusha miguu. Zuwena alimkuta amesimama pale kobazi mkononi, anaita kwa sauti ndogo, "Babu. Babu." Alimshika mabega, akamrudisha ndani, akamkalisha. Kochini, palepale.

Kufika saa nne uani hapakuwa na pa kuweka mguu. Maiti ilikuwa imeoshwa na kukafiniwa, wanawake wamejaa mkekani, wanaume wako nje chini ya turubai na shehe wao. Ndipo Leonia alipoingia bila hodi. Hakulia, maana mtani halii. Alikwenda moja kwa moja kwenye msumari wa ukutani, akatungua kofia ya marehemu akaivaa, akachukua mkongojo wake, akaanza kutembea uani kiguu upande huku anakohoa kikohozi kilekile. "Zuwena! Chai hii ya nani, ya mgonjwa? Rashidi, mimi baba yako naondoka na njaa, pembe za babu yako utazibeba na mgongo gani huo?"

Wanawake waliokuwa wanalia walianza kutikisika ndani ya kanga zao. Zuwena alicheka huku machozi yanamtiririka, na kwa mara ya kwanza tangu alfajiri alipata pumzi. Hiyo ndiyo kazi ya mtani, na Leonia aliijua vizuri.

Jeneza lilipobebwa kutoka ndani, Leonia alikuwa ameshalala kwenye kizingiti cha mlango wa uani, chali, kofia imemfunika uso. "Haendi mtu," alisema. "Maji ya visima vyetu mlikunywa mkaondoka bila kuaga, na huyu naye anataka kuondoka hivyohivyo. Nipeni changu nipishe." Kila mtu alijua. Jogoo alikuwa ameshafungwa miguu pembeni, tayari kwa ajili yake. Lilikuwa ni jambo la dakika moja.

Marita alitoka ndani katika dakika hiyo.

Aliruka miguu ya watu, akafika kizingitini, akamvua Leonia kofia na kumpokonya mkongojo. "Ondoka hapa," alisema. "Wewe ni mwanamke mbaya. Kila siku ulimwambia afe. Sasa amekufa. Umefurahi?"

Alisema kwa Kiswahili safi, bila kosa hata moja, na Zuwena alijiuliza kwa uchungu Kiswahili hicho siku zote kilikuwa wapi.

Vilio vilikatika. Wanaume walisimama na jeneza mabegani. Leonia aliinuka akakaa, na uso wake haukuwa tena na mchezo. Kuambiwa mbele ya maiti kwamba ulitaka mtu afe, huku kwetu, si neno la kupanguswa na pole. Linaweza kumfuata mtu mpaka sokoni, mpaka kwa wajukuu.

"Huyu ni nani?" aliuliza, japo amekunywa chai mbele yake kila siku.

"Mgeni, dada Leonia," sauti zilimjibu kutoka mkekani. "Msamehe, ni mgeni."

"Mgeni hatozwi," Leonia alisema. "Mgeni hana utani na mimi. Basi neno lake si la utani, ni neno la kweli. Nimeambiwa nilitaka Mzee Adinani afe. Nimelisikia, nakwenda nalo nyumbani, na Mgogo mwingine hatakanyaga hapa." Alianza kujifunga kanga yake, fundo likamkataa. "Lakini kama ni mtoto wa nyumba hii, hapo ni habari nyingine. Mtoto wa nyumba akimkasirikia mtani anatozwa, na yamekwisha. Kwa hiyo semeni. Mgeni au mtoto?"

"Jamani," shehe alisema kwa nje, "maiti haicheleweshwi."

Macho yote yalimgeukia Zuwena. Rashidi, bega lake liko chini ya jeneza, hakuweza hata kugeuza shingo. Zuwena aliona jinsi ilivyo rahisi kusema mgeni. Wote wangeitikia kwa kichwa, Jumamosi mgeni angepanda basi, na Leonia angekwenda na neno lile peke yake, yeye aliyemchekesha mzee yule kila siku ya uzee wake. Na kusema mtoto, je? Mtu hasemi uongo mbele ya maiti. Akamkumbuka Najiat anacheka kwenye simu kwa sababu amefokewa. Mimi si mgeni, mama.

"Ni mwanangu," alisema.

"Mwanao gani? Mwana anakula sebuleni peke yake kama mkuu wa wilaya?"

"Nimesema ni mwanangu. Mtoze."

Neno lilipotoka, likatoka na mengine yote nyuma yake. Zuwena alimgeukia Marita, na sauti aliyoifungia tangu mwezi wa nane ikapata mlango.

"Na wewe, sogea hapa. Nani kakufundisha kumvua mtu mzima kofia kichwani? Kwenu wanafanya hivyo? Mama yako anamfokea mwanangu kwa lango la zizi tu, mimi wa kwako nimemnyamazia mpaka nameza vidonge. Unaamka unatupita bila salamu kama umelala na mbuzi. Unazunguka juani kama umepotelewa na punda, mimi naulizwa sokoni nakosa la kusema. Na ile sahani, Marita. Ile sahani yako moja. Sisi wengine tunakula kwenye majani? Zetu aoshe nani, malaika? Naiona sahani hiyo mpaka ndotoni. Kama ni kuosha osha zote, kama si kuosha kaa na uchafu wako kama watu wengine."

"Mama Najiat," shehe alisema.

"Nimemaliza, shehe." Hakuwa amemaliza. "Na hiyo kanga umeigeuza, maandishi yako ndani."

Marita alikuwa analia waziwazi, kofia ya mzee ameibana kifuani. Lakini alimkazia Zuwena macho kama mtu aliyefunguliwa mlango alioubisha siku nyingi. "Kila siku nilitaka kuosha zote," alisema. "Ulininyang'anya." Kisha akauliza, polepole, "Kutozwa ni nini? Amefanya nini huyu mama?"

"Ni mtani wetu," Rashidi alisema kutoka chini ya jeneza. "Ndugu wa kutukanana. Alimpenda baba kuliko sisi wote. Lipa, tumzike."

Marita alimtazama Leonia. Aliona macho ya yule mama yalivyo mekundu, na vidole bado vinahangaika na fundo la kanga. Akapiga magoti palepale kizingitini, akamvika kofia mwenyewe, akaiweka sawa.

Leonia alikohoa. "Hiyo haitoshi," alisema. Mtani huchukua anachokiona, na jicho lake lilishaanza kuzunguka. Lilimpita jogoo, likapita ndoo ya asali, likaingia ndani kupitia mlango uliokuwa wazi, likatua. "Nataka lile begi."

"Jogoo huyu hapa, dada Leonia," mtu alisema.

"Jogoo namla leo, kesho nimesahau. Nataka begi."

"Ni nguo zangu zote," Marita alisema. "Nasafiri Jumamosi."

"Mtoto wa nyumba hii anasafiri kabla ya hitima ya babu yake?" Leonia aliuliza mkeka mzima. "Hilo nalo linatozwa."

Hakuna aliyecheka bado, wote walimtazama Zuwena, na Zuwena alitazama ardhi. Begi lilikuwa si lake yeye kulitoa. Marita alifuta pua kwa pindo la kanga iliyogeuzwa, akaingia ndani, akatoka na begi amelikumbatia, akampa.

Leonia alilivaa mgongoni, mikanda yote akaifunga. Kisha akatoka mbele ya jeneza kwa hatua ndefu za korongo, pua juu, akitazama mawingu, akitembea tu, haendi popote. Alikuwa Marita mtupu. Uwanja mzima ulilipuka. Wabebaji walicheka mpaka jeneza likayumba, Rashidi akawaomba wamhurumie baba yake, na shehe mwenyewe alionekana akigeukia ukuta. Hivyo ndivyo Mzee Adinani alivyotoka nyumbani kwake, na naamini asingetaka kutoka vingine.

Wanawake waliporudi mkekani, Zuwena alibaki mlangoni. Alimwona Leonia amesimama peke yake nyuma ya ukuta wa jirani, begi amelishusha, uso ameuzamisha ndani yake, mabega yanapanda na kushuka. Zuwena alifunga mlango taratibu, akamwacha na shughuli yake.

Alasiri Erasmus alifika, akatoa pole, akakaa kwa muda wa heshima, kisha akamsogelea Zuwena na kunong'ona habari ya tiketi ya Jumamosi.

"Asafiri na nini?" Zuwena alisema. "Nguo zake ziko kwa Mgogo."

Erasmus alifumba macho. Alikuwa Mnyamwezi, alijua kwamba kilichochukuliwa na mtani msibani hakiendi kuombwa. "Mama, jambo hili halimo kwenye utaratibu."

"Msiba nao haumo. Kamuulize mwenyewe, yule pale."

Marita alikuwa amechuchumaa kwenye karai pamoja na wanawake wa mtaa, mapovu yamemfika viwikoni, rundo la sahani za msiba limepanda mpaka usawa wa masikio. Alikuwa anaosha vibaya, anasuuza kwenye maji ya sabuni. Erasmus aliinama akamuuliza kama bado anakwenda. Hakuinua kichwa.

"Siwezi," alisema. "Nina zamu."

Zuwena alisikia. Aliingia stoo ya asali, akasimama gizani kati ya ndoo, akalia kilio chake cha siku ile, cha mzee na cha binti yake aliyeko mbali na cha uchovu wote. Kisha akajifuta, akatoka, akamwambia Marita kwamba maji ya kusuuzia hayawi na mapovu, kwao hawana macho?

Siku ya hitima Leonia alikuja na begi mgongoni, amelijaza mboga kavu za meza yake, mikanda imeshapauka kwa vumbi. Marita alikuwa uani na gauni la Najiat lililomwishia magotini, juu ya suruali ya Rashidi. Alisimama. Aliweka mikono kiunoni.

"Bibi Leonia," alisema, "bado hujafa tu?"

Mwiko ulimponyoka Zuwena mkononi. Leonia alishusha begi taratibu, akamkagua yule binti kutoka utosini mpaka kwenye suruali.

"Nitakufaje, Mnyamwezi mwenye miguu ya korongo," alisema, "na asali ya mama yako haijaisha?" Akachovya kidole kwenye ndoo. Marita naye akachovya cha kwake.

"Toeni vidole kwenye asali yangu," Zuwena alisema, "wote wawili. Na wewe Marita, sahani hazijioshi."